Kuteseka kunafungua macho, ila hakutoshi: mfano wa gavana Cabeza de Vaca

Mhariri na wasomaji wenzangu, salaam. Mmeuliza wiki hii: mtu aliyewahi kulala njaa na kufanywa mtumwa, siku akipewa madaraka, atawatawala wanyonge kwa huruma kuliko yule aliyezaliwa kwenye raha? Jibu langu ni ndio, lakini sio kwa kiasi tunachopenda kuamini, na mfano wangu ni Mhispania mmoja anaitwa Álvar Núñez Cabeza de Vaca, maana sijaona binadamu mwengine aliyepewa na historia mtihani huu huu mliouandika nyie na majibu yake yakabaki kwenye maandishi.

Kazaliwa Jerez de la Frontera, kusini mwa Hispania, karibu na mwaka 1490. Babu yake, Pedro de Vera, ndiye alikamilisha kuiteka Gran Canaria kule Visiwa vya Kanari, na wenyeji wa kisiwa jirani cha Gomera walipoasi aliua wengi na wengine akawauza utumwani, wanawake na watoto wakiwemo. Yaani kwenye nyumba aliyokulia huyu bwana, kuteka nchi ya watu ndo ilikuwa heshima yenyewe. Ujanani akapigana vita Italia, alafu mwaka 1527 akapata kazi ya mweka hazina wa mfalme kwenye msafara wa Pánfilo de Narváez uliokuwa unaenda kuiteka Florida, merikebu 5 na watu kama 600 hivi.

Msafara ulianza kuharibika mapema sana. Wengine walitoroka njiani, wengine wakafa kwenye kimbunga Kuba, na walipofika Florida Aprili 1528 Narváez akaamua kuingia bara na watu 300 huku meli zikiambiwa ziende zikatafute bandari. Cabeza de Vaca alimpinga wazi, alimwambia ukiziachia meli hutaziona tena, na kweli hawakuziona tena. Walitafuta dhahabu ya Apalachee, nchi ya wenyeji kaskazini mwa Florida, wakakuta mahindi na mishale. Wakarudi pwani wagonjwa, hawana pa kupita, ikabidi watengeneze mashua bila fundi wala zana, na hapa ndo napenda mtu asome taratibu maana shida inavyomfanya binadamu awe na akili ni ajabu: walitengeneza mivukuto kwa mbao na ngozi za paa, wakayeyusha vyuma vya matandiko ya farasi na vya pinde zao wapate misumari na shoka, kamba wakasuka kwa mikia na singa za farasi, tanga wakashona kwa mashati yao, na farasi wenyewe wakawa wanachinja mmoja kila siku ya tatu wale, hata ngozi za miguu wakachuna nzima nzima wakafanya viriba vya maji. Septemba 1528 mashua 5 ziliondoka na watu kama 240, zimeshona watu mpaka ukingo wa mashua uko karibu na maji.

Baharini Narváez aliwaambia kila mtu ajiokoe mwenyewe, basi. Mkuu wa msafara! Mashua yake ilipotea na yeye. Ya Cabeza de Vaca ilitupwa na mawimbi Novemba 1528 kwenye kisiwa cha pwani ya Texas ya leo, karibu na Galveston, kisiwa ambacho wao walikuja kukiita Malhado. Walijaribu kuondoka tena mashua ikapinduka, wengine wakafa maji, waliobaki wakatoka uchi kabisa kwenye baridi ya Novemba.

Sasa wenyeji wakaja. Watu hao walikuwa maskini wa mali, wanaishi kwa samaki na mizizi, na walipowaona wale wageni uchi na maiti zimelala pale, walikaa chini wakalia pamoja nao zaidi ya nusu saa. Alafu wakawabeba kuwapeleka kwenye vibanda vyao, na kwa kuwa walijua wanaweza kufa na baridi njiani waliwasha mioto mikubwa kila baada ya umbali fulani, wakifika kwenye moto wanawaacha wapate joto kidogo ndo wanaendelea. Haya kayaandika mwenyewe Cabeza de Vaca, kwenye kitabu kilichotoka Zamora mwaka 1542, na mi kila nikifika hapo nasimama, maana hawa ndo watu walioitwa washenzi na kila aliyeenda kuwachukulia nchi yao. Wakati huo huo Wahispania wengine waliokuwa pwani njaa iliwafikisha hadi kulana wao kwa wao, na wenyeji walipojua walishtuka vibaya sana.

Ya utumwa yalifuata baadae. Ugonjwa uliingia ukaua nusu ya wenyeji wa pale, Wahispania 80 waliotupwa kisiwani wakabaki 15, uhusiano ukabadilika. Cabeza de Vaca akawa wa kutumwa tu, anachimba mizizi ya kuliwa ndani ya maji katikati ya matete, vidole vimechunika kiasi kwamba unyasi ukimgusa damu inatoka. Akatoroka akawa mchuuzi, anapeleka bara makombe na kauri za baharini, anarudi na ngozi, udongo mwekundu wa kujipaka na mawe magumu ya ncha za mishale. Na kwanini hakuondoka mapema? Kwasababu kisiwani alibaki mwenzake mmoja, Lope de Oviedo, kila mwaka anamfuata anamwambia twende, yule anasema mwakani. Alivyokubali hatimae kuondoka akaogopa njiani akarudi.

Baadae alikutana na watatu waliobaki hai: Andrés Dorantes, Alonso del Castillo, na Estevanico, Mwafrika wa Azemmour kule Moroko aliyekuwa mtumwa wa Dorantes. (Azemmour ilitekwa na Wareno mwaka 1513, Wareno hao hao walioipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505, kwahiyo bahari iliyomchukua Estevanico haiko mbali na historia yetu hata kidogo.) Mwaka 1534, msimu wa matunda ya mpungate, wakatoroka wote wanne kuelekea magharibi. Njiani wakageuka waganga. Wenyeji ndo walianza kuwalazimisha tangu kule kisiwani, waliambiwa hamli mpaka mtibu, basi wakawa wanampulizia mgonjwa, wanafanya ishara ya msalaba, wanasoma Baba Yetu na Salamu Maria, na watu wakawa wanasema wamepona. Mtu mmoja alikuwa na ncha ya mshale kifuani siku nyingi, Cabeza de Vaca alimpasua kwa kisu akaitoa akamshona kwa sindano ya mfupa, ikapona. Sifa zikawatangulia, wakawa wanasindikizwa na maelfu kutoka kijiji hadi kijiji, na aliyekuwa anatangulia mbele kuongea na watu, kuuliza njia, kujua lugha, ni Estevanico.

Mwaka 1536, karibu na Culiacán, Meksiko ya leo, upande wa bahari ya Pasifiki, wakaanza kukuta vijiji vimechomwa na watu wamekimbilia milimani. Wawindaji wa watumwa walikuwa wanapita, Wahispania, chini ya mtu anaitwa Diego de Alcaraz. Fikiria mtu ametafuta wenzake miaka 8 alafu akawapata hivyo. Alcaraz alitaka hapo hapo kuwakamata wenyeji 600 waliokuwa wamewasindikiza, wakagombana sana, na Alcaraz akawaambia wenyeji kwamba hawa wanne ni Wahispania tu kama sisi. Wenyeji walikataa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: hawa wametoka jua linakochomoza nyie mmetoka linakozama, hawa wanaponya wagonjwa nyie mnaua wazima, hawa wamekuja uchi bila viatu nyie mna nguo na farasi na mikuki, hawa hawatamani kitu na wakipewa wanagawa, nyie mnaiba kila mnachokiona. Kwangu mi hiyo ndo hukumu nzito kuliko zote zilizowahi kutolewa juu ya ukoloni, na imetolewa na watu wasiojua kusoma wala kuandika.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na huyu alikuwa ameijua. Kwahiyo mwaka 1540 mfalme alivyomfanya gavana wa Río de la Plata, koloni la Hispania Amerika Kusini, tunapata jibu la swali lenu kwa vitendo. Alitua Santa Catarina, pwani ya Brazili, mwaka 1541, na badala ya kuzunguka kwa meli akakata bara kwa miguu na watu 250 na farasi 26. Alitembea bila viatu mbele ya watu wake, chakula alikuwa ananunua kwa Waguarani, wenyeji wa huko, na kulipa, na aliyewanyang'anya wenyeji aliadhibiwa. Ndio safari aliyopita maporomoko ya Iguazú, Mzungu wa kwanza kuyaandika. Aliingia Asunción, leo mji mkuu wa Paraguay, Machi 1542 na hasara ya watu wachache mno, linganisha na msafara wa Narváez.

Asunción wakati huo ilikuwa na Wahispania waliokaa wenyewe chini ya Domingo Martínez de Irala, wanaishi na wanawake wengi wa Kiguarani kila mmoja, wanawatumia shambani, wanawauza na kuwabadilishana kwa nguo na farasi. Gavana mpya akatoa amri: marufuku kuwauza, marufuku kuwapiga na kuwachukulia vitu vyao, marufuku kuishi na dada wawili au mama na binti. Alipopigana na Waguaycurú, kabila jingine la wenyeji, na kuwashinda, mateka akakataza wasifanywe watumwa akawarudisha kwao. Na akafuta kodi ambayo maofisa wa mfalme walikuwa wanatoza hata kwenye samaki na asali ya walowezi maskini. Kwahiyo ndio, alikuwa tofauti, na tofauti hiyo aliitoa Texas, hakuipata kwa babu yake.

Lakini msiniwahi. Huyo huyo aliagiza chifu wa Kiguarani, Aracaré, anyongwe kwasababu alizuia njia ya msafara, na vita ikawaka. Huyo huyo Septemba 1543 alipanda mto Paraguay na Wahispania 400 na Waguarani zaidi ya 1,000 kutafuta mlima wa fedha, akafika Puerto de los Reyes, mafuriko na homa zikawarudisha Aprili 1544 wako hoi. Kazi aliyotumwa ilikuwa ile ile ya Narváez, kutafuta mali ya mfalme kwenye ardhi ya watu, na huruma yake yote ilikuwa imebanwa ndani ya kazi hiyo. Hapa ndo nasema ndio yangu sio kubwa. Mateso yalimfundisha jinsi ya kuwatendea wenyeji akiwa kwao, hayakumfundisha kuuliza kama alipaswa kuwa kwao kabisa.

Na ukitaka uthibitisho zaidi waangalie wale wanne. Njaa moja, utumwa mmoja, mizizi ile ile. Castillo na Dorantes walibaki Meksiko wakaoa wajane wenye mali, na wote wawili wakala matunda ya encomienda, yaani ule mfumo wa kugawiwa wenyeji wakulipe kodi na kukutumikia, watu wale wale wa aina iliyowalisha jangwani. Estevanico, ambaye mchango wake njiani ulikuwa mkubwa kuliko wa yeyote, hakuachiwa huru, akatumwa tena kaskazini kama mtangulizi wa padri Fray Marcos de Niza na akauawa Hawikuh, kijiji cha wenyeji wa Zuni, mwaka 1539. Hao ni watu waliokuwa uchi pamoja miaka yote hiyo! Siwezi kuamini tena kwamba shida peke yake inazaa haki, inategemea mtu amerudi kwenye mfumo gani na huo mfumo unamlipa kwa kufanya nini.

Mwisho wake mnaweza kuukisia. Usiku wa tarehe 25 Aprili 1544, wiki chache tu baada ya kurudi mtoni, maofisa na watu wao walimvamia akiwa kitandani anaumwa huku wakipiga kelele za uhuru, uhuru wa kuendelea na yale aliyoyakataza. Irala akawekwa gavana. Cabeza de Vaca akafungwa karibu mwaka mzima, na Machi 1545 akasafirishwa Hispania kwa minyororo, na kati ya mashtaka aliyopelekewa ni kwamba aliwatesa wenyeji. Baraza la Indies, lile la mfalme lililosimamia makoloni ya Amerika, likamhukumu mwaka 1551, avuliwe vyeo na apelekwe uhamishoni Oran, Afrika Kaskazini. Alikata rufaa ule uhamisho ukafutwa, ila gavana hakuwa tena, na alikufa mwishoni mwa miaka ya 1550 hivi.

Wapo wanaosema upole ndo ulimponza, mi sikubali. Amri zile zilikuwa ngumu, sio za mtu mpole. Kilichomponza ni kwamba aligusa wanawake na wafanyakazi wa bure wa walowezi na mfuko wa maofisa kwa mpigo mmoja, na hakuwa na nguvu nyuma yake zaidi ya karatasi ya mfalme aliyekuwa safari ya miezi kadhaa kutoka pale, huku Waguarani ambao wangeweza kumtetea ameshawanyonga chifu wao. Na mfalme mwenyewe alikuja kumthibitisha Irala kuwa gavana halali, na mwaka 1556 Irala akawagawa Waguarani kwa maelfu, kwenye encomienda, kwa Wahispania zaidi ya 300 wa Asunción.