Lori la Jeshi Uani: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Mara hii maswali yote yanahusu malori ya jeshi yaliyostaafu, yale ambayo baadhi yetu tunayanunua yakiwa mafupa ya chuma na kuyafufua kwa sababu tu tunayapenda. Nimeyafupisha kidogo.

Nimepata Bedford RL kwenye shamba la mahindi. Imesimama chini ya mti tangu nikiwa mtoto, na mwenyewe anataka niichukue haraka. Nikague nini? – Msomaji, Kitale

Ukiambiwa haraka, wewe nenda polepole. Anza na karatasi, si injini. Logibuku iko wapi, na ina jina la nani? Kama mwenye jina amefariki, je, familia imemaliza mambo ya urithi? Kama lori lilitoka kwenye mnada wa serikali, omba stakabadhi za mnada. Kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye chesi yenyewe, uilinganishe na ile ya kibati kilicho ndani ya kebini. Nimeona watu wazima wakilipa pesa nzuri kwa lori ambalo kisheria halipo. Injini iliyokufa hufufuka, lakini bila karatasi umenunua pambo la boma.

Ukiridhika, lala chini yake na tochi. Tafuta nyufa karibu na vishikizo vya springi, na mahali popote palipochomelewa bila ustadi. Kutu ya juujuu isikutishe. Fungua nati ya kumwagia oili kwenye difu na gia boksi: kikitoka kitu cheupe kama maziwa, maji yameingia. Kwa injini, toa plagi zote sita, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache siku kadhaa, halafu ujaribu kuizungusha kwa hendeli. Usikubali mtu afunge cheni kwenye trekta eti mlivute liwake. Ringi zilizoshikwa na kutu huvunjika kwa mtindo huo, na punguzo lote ulilopewa unalirudisha kwa fundi. Chungulia pia nyuma ya viti, maana nyuki hupenda sana kebini zilizolala.

RL ilianza kutengenezwa mwaka 1953, na mwili wake ulitokana na Bedford S ya kiraia. Kwa hiyo spea nyingi za injini zina ndugu kwenye malori ya kawaida ya Bedford. Kinachosumbua ni eksli ya mbele na transfa boksi, kwa sababu hivyo ni vya gari linalosukuma kwa tairi zote nne. Vikague kuliko kitu kingine chochote chini ya lori hilo.

Kwa nini nisiagize GMC ya Vita vya Pili kutoka ng'ambo? – Eldoret

Kwa sababu gari lililotumika likipita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huzuiwa kuingia Kenya, na usukani wa kushoto nao hauruhusiwi kwa gari la kawaida. Marekani ilitengeneza GMC za CCKW zaidi ya 500,000, lakini zinagonga kuta zote mbili. Tafuta kilichokwisha kuingia: mashamba ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, yadi za wakandarasi wa zamani, nyuma ya viwanda vya sukari.

Bedford RL yangu inakunywa petroli vibaya. Fundi anasema tuweke injini ya dizeli ya TK, lile lori la kiraia la Bedford. Nimkubalie? – Kisumu

Injini yako ni ya lita 4.9, na lita moja ya petroli inakupeleka kilomita tatu hivi. Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho ni kama kilomita 180, kwa hiyo weka lita 60 za kwenda tu. Ukitaka kuliendesha kila wikendi, dizeli ya TK ni chaguo la busara. Wengi wameifanya kazi hiyo, na injini ni ya ukoo uleule. Ila usiuze ile ya petroli. Ipake grisi, ifunike, iweke stoo. Siku utakayoliuza lori, mnunuzi anayejua mambo ataiulizia kabla hajakaa.

Binafsi ningeiacha petroli na kusafiri mara chache. Sauti ya ile silinda sita haina mbadala, na lori la maonyesho halibebi mawe.

Kabla ya injini yoyote, lakini, shughulikia breki. Mipira ya breki ikizeeka huvimba kwa ndani: ukikanyaga, breki inashika, ukiachilia, haiachii. Badilisha yote, hata inayoonekana mizima. Kama utapita mteremko wa Salgaa na lori la tani kadhaa lenye breki za drami za miaka ya hamsini, teremka na gia ndogo tangu juu, kabla mlima haujakuzidi nguvu. Ukishaanza kunusa breki umechelewa.

Mtu wa pancha hapa amekataa kugusa tairi yangu. Anasema rimu ni ya ajabu. – Kakamega

Mnunulie soda, amekuokoa. Rimu nyingi za malori ya jeshi ni vipande viwili vilivyokazwa pamoja kwa nati. Nati za safu moja zinashika gurudumu kwenye habu, na za safu nyingine zinashika vipande vyenyewe. Ukifungua zile za pili tairi ikiwa na presha, rimu inapasuka na kumuua aliyesimama mbele yake. Toa upepo wote kwanza, toa na valvu yenyewe, ndipo uguse spana. Zipake rangi nyekundu nati za rimu ili hata mgeni azijue. Wakati wa kujaza upepo, weka tairi ndani ya keji ya chuma na usimame mbali.

Nataka kulipaka rangi ya madoadoa ya jeshi, mimi na vijana wangu tuvae sare kwenye maonyesho. Kuna ubaya? – Nakuru

Sare, hapana. Kuvaa sare za jeshi bila idhini ni kosa la jinai, na wewe uko mji mmoja na kambi ya Lanet. Namba za jeshi pia usiziweke. Weka za logibuku. Vaeni ovaroli, fundi hapendezi kwa kitu kingine.

Kuhusu rangi, liulize lori lenyewe. Nyuma ya dashibodi, mahali ambapo jua halifiki, sugua taratibu kwa msasa laini wa maji, na rangi zitajitokeza moja baada ya nyingine. Malori ya Waingereza ya miaka ya hamsini na sitini mara nyingi yalipakwa kijani kizito chenye kung'aa, Deep Bronze Green. Ile ya kijani na nyeusi isiyong'aa ilikuja baadaye. RL yenye kijani chake cha kung'aa inapendeza kuliko madoadoa ya kukisia, na haimshtui askari wa barabarani. Ukikuta duara la manjano lenye namba upande wa mbele, usilifute! Ni namba ya uzito wa lori, ya kumwonyesha dereva daraja la mto linaloweza kulibeba.

Mzee, nina picha ya marehemu babu amesimama kando ya lori huko Burma. Lori lina pua fupi na kioo kilichoinama. Ni gani? Naweza kupata kama hilo? – Bungoma

Kijana wangu, kwa maelezo hayo ningeweka pesa kwenye CMP, lori la kijeshi lililotengenezwa Kanada na Ford na Chevrolet. Kwenye kebini ya mwisho, namba 13, sehemu ya juu ya kioo ilitangulia mbele kuliko ya chini, ili kioo kisiakisi mwanga wa jua na kumwonyesha rubani wa adui lori lilipo. Ford ilikuwa na V8, Chevrolet silinda sita.

Sasa angalia matgadi kwa lenzi. Ukiona kichwa cha kifaru, hiyo ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Hao ndio walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua za monsuni, barabara ikiwa uji wa matope, hadi mto Chindwin. Huko Kalewa, mwezi Desemba, wahandisi walitandaza daraja la kuelea la Bailey la zaidi ya mita 300. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, tunawakumbuka kwa bunduki, lakini madereva wengi walikuwa wa kikosi cha uchukuzi, EAASC. Tazama beji ya kofia ya babu, itakwambia kama alikuwa dereva au alisimama tu kupigwa picha. Wote walipenda kupigwa picha na lori.

Kupata CMP nzima kwetu ni bahati nasibu. Vipande vipo: nimeona eksli yake ikivuta tela la maji. Anza kwa kutengeneza nakala kubwa ya hiyo picha.

Nikimaliza, nilionyeshe wapi? – Njoro

Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, imekuwepo tangu 1970, lakini ni sherehe ya magari madogo na pikipiki zaidi, na majaji huchungulia hadi uvunguni. Mimi ningeanzia kwenye maonyesho ya kilimo ya Nakuru. Waandikie waandaaji mapema. Weka ubao wa Kiswahili ueleze mwaka, injini na ulilipata wapi, na picha za lilivyokuwa kabla. Watu husimama kwenye picha hizo kuliko kwenye rangi mpya. Weka gogo kwenye tairi, trei ya oili chini ya injini, na utoe waya wa betri. Watoto watapanda tu, utake usitake, na swichi ya stata ndiyo ya kwanza kubonyezwa.