Fundi wa Ngamiani Anajibu: Laptopu imelala, mbona begi linachemka?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina laptopu ya mtumba niliyonunua mwaka jana, imewekwa Ubuntu, yaani mfumo endeshi wa aina ya Linux. Asubuhi naifunga kifuniko ikiwa na chaji asilimia 90, naitia begini, napanda basi Korogwe kuja Tanga. Nikifika Muheza nikipapasa begi, linafuka joto kama hotipoti ya chapati. Nikishuka Tanga betri imekwisha. Fundi wa hapa kwetu anasema betri imekufa, ninunue nyingine. Je, ni kweli? Na hasa ningependa kujua, kompyuta ikisemwa "imelala", ndani yake hutokea nini?
Mwalimu wa sekondari, Korogwe

JIBU: Marahaba, mwalimu. Betri usinunue kwanza. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka 2019 mama mmoja aliniletea ugonjwa huu huu hapa Barabara ya Nane, nikamuuzia betri mpya, wiki haikuisha akarudi. Begi moto vilevile. Ilibidi nimrudishie hela yake, na ile betri nimekaa nayo kabatini mpaka ikavimba.

Betri iliyochoka kwa kawaida haichemshi begi. Huishiwa upesi hata laptopu ikiwa mezani mbele yako. Joto maana yake kuna kazi inaendelea humo ndani, yaani laptopu yako haikulala. Imefumba macho tu.

Anayeilaza laptopu ni kerneli, kiini cha mfumo endeshi, kile kinachoshika prosesa, memori na vifaa vyote kwa niaba ya programu nyingine. Ukifunga kifuniko, kuna kihisi kinachoipa kerneli habari. Mara nyingi hukihisi kisumaku kidogo kilichomo kwenye ukingo wa skrini, na ndiyo maana ukiweka simu yenye kava la sumaku karibu na kibodi baadhi ya laptopu hulala zenyewe, wateja wakanijia wakisema zimerogwa. Kerneli inaipeleka habari hiyo kwa programu inayosimamia watumiaji, nayo ikiona inafaa inaandika neno moja, mem, kwenye faili liitwalo /sys/power/state. Herufi tatu tu, na shughuli imeanza.

Kwanza yale yaliyokuwa yakingoja kuandikwa kwenye diski yanaandikwa. Kisha programu zinagandishwa: kivinjari, muziki, ile barua ya mkuu wa shule uliyoiacha katikati ya sentensi. Kila moja inaambiwa isimame palepale ilipo, na kerneli inazipa sekunde 20. Ikibaki hata moja isiyoganda, tuseme inasubiri faili kutoka kompyuta nyingine ya mtandao ambayo umeshaiacha shuleni, kerneli haiilazimishi. Inavunja safari nzima, inaziyeyusha zote, na laptopu inabaki macho huku wewe umeshavuta zipu ya begi.

Zikishaganda, inafuata zamu ya vifaa, na hapa ndipo ninapopapenda. Kerneli ina ukoo wa vifaa vyote vya mashine, na maneno yanayotumika humo ni hayo hayo ya nyumbani, mzazi na mtoto. Flashi ni mtoto wa tundu la USB, tundu ni mtoto wa kidhibiti cha USB, kidhibiti nacho kina mzazi wake kwenye ubao. Watoto hulala kwanza. Mzazi hafumbi jicho mpaka wa mwisho wao awe amelala. Wakati wa kuamka ni kinyume, wazazi wanatangulia ndipo waamshe watoto. Mzazi akitangulia kulala, mtoto ataita na hapana wa kumwitikia, mashine inagota. Na kila kifaa kina draiva yake, yaani programu ndogo inayokiendesha, na draiva ina haki ya kukataa kulala. Ikikataa moja, wote waliokwisha kulala wanaamshwa.

Vifaa vikinyamaza, prosesa nazo zinaondolewa kazini, zote isipokuwa nambari 0 inayobaki peke yake kama mlinzi wa lango. Hiyo ya mwisho inaikabidhi mashine kwa programu ya ubao mama, ile tuliyozoea kuiita BIOS, na umeme unakatwa karibu kila mahali. Memori pekee ndiyo inaachiwa tone. Haina budi, kwa sababu memori ya kompyuta ni kama vindoo vinavyovuja: kila kimoja lazima kijazwe tena ndani ya milisekunde 64 hivi, la sivyo kinasahau kilichobeba. Usingizini chipu za memori hujijazia zenyewe, na kazi hiyo hula chaji kidogo sana.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, BIOS inagundua kwamba hii si kuwashwa upya, inaruka hadi anwani ambayo kerneli iliiacha kabla ya kulala. Nambari 0 inaamka, inaita wenzake, wazazi, watoto, mwishowe programu. Saa ya kerneli ilikuwa imesimama, kwa hiyo inaiuliza ile saa ndogo ya ubaoni isiyolala: nimelala muda gani? Programu zenyewe hazina habari. Muziki unaendelea kutoka pale pale ulipokatika.

Huo ndio usingizi wa kweli, ambao mafundi tunauita S3, jina lililotoka kwenye kanuni za ACPI za mwaka 1996, zinazoeleza jinsi mfumo endeshi na ubao mama vinavyosimamia umeme. Sasa sikia kisa cha begi lako. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji walianza kutaka laptopu iwe kama simu, ilale huku sikio moja liko wazi kupokea ujumbe. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hulala hivyo. Kerneli inagandisha programu na kulaza vifaa, lakini prosesa haikatiwi umeme, inaachwa ikae bure kwa matumaini kwamba itazama yenyewe hadi chini kabisa. Kifaa kimoja kikibaki kinahemahema, prosesa haizami. Inaelea juu juu, inakula chaji, inatoa joto, na begi halina pa kupumulia.

Fungua dirisha la amri uandike:

cat /sys/power/mem_sleep

Ukiona [s2idle] deep, mabano yanaonyesha kilichochaguliwa, yaani usingizi wa sikio wazi, na deep, ambayo ndiyo S3, ipo lakini haitumiki. Ichague hivi:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Fanya jaribio hilo mezani, si ndani ya basi, na uhifadhi kazi zako kwanza. Kuna mashine ambazo deep imeandikwa tu lakini mtengenezaji hakuimalizia, zikilala haziamki. Ikilala na kuamka vizuri mara tatu nne, ongeza mem_sleep_default=deep kwenye mstari wa kerneli (GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT) ndani ya /etc/default/grub kisha uendeshe sudo update-grub, maana bila hivyo ukiwasha upya inasahau. Ukiona s2idle peke yake bila deep, ingia BIOS utafute mipangilio ya usingizi. Baadhi ya ThinkPad, kwa mfano, zina kipengele cha Sleep State chenye chaguo liitwalo Linux, na hilo ndilo linaloirudisha S3.

Bado kuna mshukiwa mmoja, naye nina wasiwasi naye kuliko wote. Je, unatumia mausi isiyo na waya? Kile kidude chake huwa unakichomoa kwenye USB? Vingi vya vidude hivyo hujitambulisha kwa kerneli kama mausi na kibodi kwa pamoja, na kibodi ya USB kwa kawaida ina ruhusa ya kuamsha mashine. Mausi imo begini, basi linaingia shimo, mausi inatikisika, laptopu inaamka gizani. Tazama faili /proc/acpi/wakeup, mstari wa XHC au XHCI (kidhibiti cha USB) ukisema enabled ujue USB ina ruhusa hiyo. Ila kabla ya amri yoyote, kesho panda basi bila kidude uone.

Ukitaka ushahidi, ukifika Tanga andika amri hii (ikiwa betri iliisha mashine ikazimika, weka -b -1 badala ya -b, usome rekodi za kabla haijazimika):

journalctl -k -b | grep -E "PM:|Freezing"

Utaona PM: suspend entry ilipoanza kulala na PM: suspend exit ilipoamka, kila moja na saa yake. Zikipishana kwa sekunde chache ilhali ulikuwa safarini kwa muda wa saa mbili, kuna aliyekataa au aliyeamsha, na mara nyingi jina lake limeandikwa mistari michache jirani. Mwambie fundi wako asome hapo kabla hajataja bei ya betri.

SWALI: Fundi, yangu inalala vizuri, tatizo haiamki. Taa inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Lazima nishike kitufe mpaka izime. Natumia Linux. Nitajuaje ni kifaa gani?
Mwanafunzi wa chuo, Mombasa

JIBU: Hili ni gumu zaidi, kijana wangu, kwa kuwa mashine inakufa wakati skrini haijaamka na diski haijaamka, kwa hiyo hakuna pa kuandika wosia. Lakini wenye kerneli walikuwa wajanja.

Anza na mazoezi. Kuna faili /sys/power/pm_test. Ukiingia kama root, yaani msimamizi mkuu, ukaandika humo neno freezer, halafu ukalaza mashine kwa kuandika mem kwenye /sys/power/state, kerneli itafika hatua ya kugandisha programu, itangoja sekunde 5, itarudi. Ikirudi salama, andika devices, itaenda hadi kwenye vifaa. Kisha platform, processors, core. Hatua itakayogota ndiyo yenye mgonjwa. Ukimaliza andika none, usije ukashangaa mashine inaamka yenyewe kila baada ya sekunde 5. Mimi nilisahau mara moja, nikapoteza asubuhi nzima nikiitafuta hitilafu niliyoiweka mwenyewe.

Zikipita zote na bado inafia usingizi wa kweli, tumia pm_trace. Ukiandika 1 kwenye /sys/power/pm_trace kabla ya kulaza, kerneli itakuwa inaweka alama ya kila hatua ndani ya ile saa ndogo ya ubaoni, kwa sababu ndiyo sehemu inayobaki na kumbukumbu hata ukizima kwa nguvu. Tarehe inageuzwa daftari! Ikigota, zima, washa mara moja, na ndani ya dakika tatu hivi andika amri ya dmesg usome maandishi ya kerneli, maana saa inaendelea kutembea na alama inafutika. Utakuta mstari wa Magic number, na ukiwa na bahati, chini yake maneno hash matches pamoja na jina la kifaa. Saa itakuwa inaonyesha tarehe ya ajabu, irekebishe, na usifanye jaribio hili siku unayopaswa kutuma kazi ya mhadhiri kwa saa maalumu.

Kwa niliyoyaona hapa dukani, mwenye hatia mara nyingi ni draiva ya kadi ya picha au ya Wi-Fi. Jaribu kerneli mpya zaidi kabla ya kubomoa chochote.

SWALI: Nina stationery. Kompyuta ya mezani, Windows, jioni nailaza nikifunga duka. Mlinzi ananiambia saa nane usiku skrini inawaka yenyewe. Anaogopa kupita dirishani. Na pia umeme ukikatika wakati imelala, kazi zangu zitapotea?
Mama wa stationery, Handeni

JIBU: Mpe mlinzi pole, dada yangu. Asubuhi ukifika, kabla ya kulaza tena, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike powercfg /lastwake. Itakutajia kilichoiamsha. Kisha powercfg /waketimers, itakutajia kama kuna programu iliyotega saa ya kuamka, na saa ya usiku namna hiyo mimi ningeanza kuwashuku wale wanaofanya masasisho na matengenezo. Ikiwa ni kadi ya mtandao au mausi, nenda Device Manager, fungua kifaa hicho, sehemu ya Power Management, utoe tiki inayokiruhusu kuamsha kompyuta.

Kuhusu umeme, ndiyo, kompyuta ya mezani haina betri. Ikiwa imelala usingizi wa kawaida, kila kitu kimo kwenye memori, na TANESCO wakikata, kimekwenda. Wewe tumia haibaneti. Hapo mfumo unaandika yaliyomo kwenye memori ndani ya diski kisha unazima kabisa. Kuwaka asubuhi kutachukua muda zaidi, lakini hata ukichomoa waya ukutani, orodha yako ya wadaiwa utaikuta.

Ikiwa haibaneti haionekani kwenye menyu, andika powercfg /hibernate on kwenye dirisha lile lile, kisha uitie tiki kwenye mipangilio ya vitufe vya kuzimia. Na ikiamka tena saa nane, niandikie neno kwa neno ile lastwake ilichokuambia.