Jibu: Mrushaji wa 10-9 alipataje Cy Young?

Mkuu, umeuliza Jacob deGrom, mrushaji wa timu ya besiboli ya New York Mets, alipataje Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa msimu, mwaka 2018 wakati alishinda mechi 10 na kupoteza 9. Rekodi hiyo inategemea mno wenzake. Hapa Moshi tumeshaona kipa anaokoa michomo dakika 90, halafu timu inafungwa 1-0 kwa sababu washambuliaji wamelala. Nani anamlaumu kipa?

Angalia kwanza wastani wa pointi anazoruhusu kwa kila iningi (vipindi vya mchezo) 9, ukiondoa zinazotokana na makosa ya walinzi. Ukiwa mdogo ndiyo bora, na wake ulikuwa 1.70, balaa tupu. Ila mimi napenda zaidi yale ambayo walinzi hawayagusi kabisa: aliwatoa wapigaji 269 kwa straiki tatu (mipira mizuri waliyoshindwa kuipiga), na besi za bure, yaani mpigaji kupewa besi ya kwanza kwa sababu mrushaji amerusha vibaya mara nne, alitoa 46 tu, ndani ya iningi 217. Karibu sita kwa moja! Mechi za saa moja jioni New York huku ni saa nane usiku, na kwa mrushaji wa hivyo naamka bila kinyongo.

Mrushaji Felix Hernandez wa timu ya Seattle naye aliibeba tuzo hiyo 2010 kwa 13-12. Mwaka huo hakuna timu ya ligi kuu Marekani iliyopata pointi chache kuliko yake.