.308 inatosha kwa nguruwe pori

Kaka umeuliza kati ya bunduki ya risasi za .308 na ya .375 (hiyo namba ni upana wa risasi kwa inchi) ipi inafaa kwa nguruwe pori wanaomaliza mihogo huko Sikonge, chukua .308 tu. .375 ni ya nyati, itakuumiza bega bure na risasi zake ghali. Ila risasi ndo mpango mzima, tafuta inayotanuka ikiingia, yenye uzito wa greni 150 mpaka 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), halafu lenga usawa wa mguu wa mbele chini chini maana moyo wake umekaa huko, ukipiga katikati ya tumbo atakimbilia kichakani na nguruwe mwenye jeraha ni hatari sana, usimfuate peke yako. Darubini ndogo ya kufunga kwenye bunduki inatosha, maana miti ya miombo imebanana huoni mbali. Gobore achana nalo kabisa. Na leseni ya polisi pamoja na kibali cha wanyamapori vitangulie kwanza.