Barua kwa mwanangu: watanie wenzako kwa wanachokipenda

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Jinja. Hapa Walukuba sote wazima. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama joho limeshonwa au bado.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema darasa lenu pale LDC, chuo cha mafunzo ya sheria, limekuchagua uandike jarida la mahafali, kila mhitimu apate maneno machache ya kumchekesha. Kisha unaniuliza: "Mama, nitawataniaje wenzangu wacheke bila kumuumiza mtu? Na yule msichana asiyesema na yeyote, nimwandikie nini?"

Mtanie mtu kwa kile anachokipenda. Anayependa kitu hukifanya kupita kiasi, na hapo ndipo kicheko kilipo. Kabila lake, hali ya kwao, mtihani aliorudia, hayo yaache kabisa. Jarida hilo litakaa sebuleni kwake miaka mingi na watoto wake watalisoma.

Darasani kwetu Makerere alikuwepo kijana tuliyemwita Konokono. Kesi ya Donoghue na Stevenson unaijua: mwanamke mmoja huko Paisley, Uskoti, mwaka 1928, alikunywa soda ya tangawizi, akasema ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza. Mwaka 1932 mahakama ya juu kule London ikaamua kwamba mtengenezaji anawajibika kwa mnywaji hata kama hawana mkataba. Sisi wengine tuliisoma tukajibu mtihani. Yeye aliiamini. Tukikaa kula Wandegeya, soda ikiletwa anaiinua kwenye mwanga, anaizungusha polepole, jicho moja amelifumba, kisha anamimina kidogo kwenye glasi na kungoja. Sisi tumeshamaliza chapati na maharage, hicho mnachokiita kikomando, yeye bado anachunguza. Kwenye ukurasa wake tuliandika: "Hajawahi kunywa soda ya baridi." Alicheka mpaka machozi yakamtoka, maana ilikuwa kweli na darasa zima lilikuwa shahidi. Mpaka leo nikiletewa mkataba wa kiwanja, wa kwanza kumpelekea ni yeye. Hapitishi hata nukta bila kuikagua.

Halafu alikuwepo tuliyemwita Kelsen. Huyu naomba nikusimulie taratibu, kwa sababu ndiye aliyetufurahisha kuliko wote. Alikuwa ameipenda kesi ya Matovu, ile iliyofuata kupinduliwa kwa Katiba ya Uganda ya 1962, ambapo Jaji Mkuu Udo Udoma na wenzake waliegemea nadharia ya mwanafalsafa wa sheria Hans Kelsen wakasema mapinduzi yakishafaulu huzaa sheria mpya. Aliizungumza kesi hiyo kwenye foleni ya chakula, kwenye taksi, hata msibani. Basi siku moja kundi la wanafunzi likachoka na mwakilishi wa darasa, likamtangaza mwingine papo hapo bila kura. Kelsen akasimama juu ya benchi na kitabu mkononi, akatusomea kwamba utawala mpya ni halali kwa kuwa umefaulu. Yule aliyepinduliwa naye hakunyamaza. Katiba mpya ilikuwa imetangazwa tarehe 8 Oktoba 1995 na yeye alitembea nayo mfukoni. Akafungua Ibara ya 3 akaisoma kwa sauti: ni marufuku kushika madaraka ya serikali isipokuwa kwa kufuata Katiba. Wakabishana, darasa likagawanyika, meza zikapigwa. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Mwisho akauliza swali moja tu: ufunguo wa darasa anao nani? Alikuwa nao yule aliyepinduliwa, pamoja na daftari la mahudhurio. Kelsen akatazama kitabu, akatazama ufunguo, akashuka kwenye benchi. "Basi," akasema, "mapinduzi hayajafaulu."

Unaona mwanangu, hapo hakuna aliyeaibishwa. Kelsen alibaki mkweli kwa nadharia yake hata ilipomgeuka, na mwenye ufunguo akabaki na Ibara yake. Kwenye ukurasa wa kila mmoja tuliandika kisa kilekile kwa upande wake, na leo wakikutana hawaachi kubishana.

Kuhusu maumbile ya mtu, usiyaguse mpaka mwenyewe awe ameanza. Tulikuwa na mrefu mmoja wa Lumumba Hall aliyejiita Kaloli, yaani korongo marabu, kwa hiari yake. Siku ya kwanza kuvaa joho jeusi alikunja mabega, akasimama kwa mguu mmoja kwenye ngazi, sawasawa na wale ndege wa pale chuoni. Huyo ruhusa alikuwa ameitoa. Asingeitoa, tungemwandikia kuhusu sauti yake kwenye mahakama ya mazoezi, nayo ilikuwa nzuri ajabu.

Na mtoto wa mwanajeshi, aliyelelewa kambini, mpole kuliko sisi sote. Kiswahili chetu ndicho kilichotuunganisha mimi naye. Wenzetu wengi walikijua Kiswahili kwa kukiogopa, tangu enzi za vizuizi vya wanajeshi barabarani. Yeye akikohoa tu na kusema "Simama," safu nzima ya nyuma inainuka, halafu anawaomba radhi mmoja mmoja, kwa dhati kabisa.

Sasa huyo msichana wenu mkimya. Usimwandikie sentensi ya huruma, na usiandike ulichoambiwa na wanaokaa naye chumba kimoja. Sheria ya Ushahidi umeisoma: shahidi aseme alichokiona mwenyewe. Nenda ukae karibu naye wiki hizi zilizobaki, utazame mikono yake inafanya nini wenzake wakiongea. Kwetu alikuwepo mmoja wa namna hiyo. Kila kesi iliyotajwa darasani aliiandika kwa wino wa bluu pamoja na ukurasa wake. Kwenye mahakama ya mazoezi, mtu akikwama katikati ya hoja, jaji anamkazia macho, ghafla kikaratasi kinapita chini ya meza: jina la kesi, mwaka, ukurasa. Wengi tulipata alama zetu kwa mwandiko wake. Tukamwandikia: "Hakusema neno, akashinda kesi zetu zote." Siku ya chakula cha jioni aliposomewa, alisimama akasema mstari wa tatu wa ukurasa wa Kelsen una kosa la tarehe. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na Kelsen ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

Kila mtu mwonyeshe ukurasa wake kabla haujaenda kuchapwa. Akinuna, ufute, usibishane naye. Wako usijiandikie, mpe yule mnayegombana sana darasani auandike.

Nakujua, utataka kukimbilia kwa wachapaji wa Nasser Road leo hii. Ngoja kwanza. Huyo msichana mkae naye, kisha nitumie ulichomwandikia nikisome kabla ya wengine.

Ni mimi mama yako.