Pawasoo ya kuazima imetiwa petroli tupu

Pole, ndugu yangu. Umeazima pawasoo ya jirani hapo Malindi ukate mnazi, ukatia petroli tupu bila oili, ikalia kwa ukali kisha ikakwama. Usivute kamba tena! Fungua ekzosi, mulika pistoni kwa tochi. Ikiwa laini, mwaga petroli hiyo, tia iliyochanganywa: mililita 20 za oili ya 2T (ya injini za tu-stroki) kwa lita ya petroli, kama kitabu chake chasema 50:1, yaani petroli hamsini kwa oili moja. Ikiwa na michirizi, kama yangu ilivyokuwa, hapo imeharibika pistoni na pengine silinda. Mpe fundi akague na beringi. Gharama ikikaribia bei ya mpya, nunua mpya. Ila mwenye pawasoo mwambie leo, kabla skrubu haijaguswa. Huenda ana fundi wake.