Maji ya uzazi yakizidi, usiache kunywa maji. Kapime sukari

Juzi usiku nilipata ujumbe wa dada mmoja mwenye mimba ya wiki 30. Ametoka kupiga altrasaundi, ameambiwa maji ya mtoto ni mengi, na shangazi yake amemshauri apunguze kunywa maji. "Tangu jana nimekunywa glasi moja tu, dada, nifanyeje?" Nilimjibu hapo hapo: kunywa maji. Kisha usingizi ukanipaa, kwa sababu glasi hiyo moja naijua. Nilishawahi kuihesabu mwenyewe.

Ilikuwa miaka minne iliyopita, mimba yangu ya pili. Kufikia wiki ya 28 tumbo lilikuwa kubwa kupita miezi yake, na kila aliyeniona alisema nimebeba mapacha. Nilifurahi, sifichi. Mwanamke akisifiwa tumbo husahau kujiuliza. Lakini wiki ya 30 ilipoingia nilikuwa siwezi kulala chali hata dakika tano, pumzi inakata. Nililala nimekaa, mito mitatu mgongoni. Miguu ilivimba, ngozi ya tumbo ikakaza na kung'aa, na mtoto nilimsikia kwa mbali, kama anayegonga mlango wa chumba cha pili.

Kliniki nilipimwa tumbo kwa futi ya kamba. Ilisoma sentimita 36, na mimba ni ya wiki 31. Kwa kawaida namba hizo mbili hukaribiana, hupishana sentimita mbili au tatu hivi. Zangu zilipishana tano. Mhudumu akaandika kwenye kadi, akasema mtoto ni mkubwa, akaita anayefuata. Aliponiona bado nimesimama, akaongeza, "Punguza maji, mama, unakunywa sana."

Nikatii. Siku 12 nilikunywa kwa kuhesabu glasi. Mkojo uligeuka rangi, choo kikawa kigumu, kichwa kikauma mchana kutwa, na mara mbili niliona kizunguzungu nikashika ukuta. Tumbo halikupungua hata kidogo. Liliongezeka.

Nataka hili lieleweke vizuri, maana ndilo lililonifanya niandike. Maji anayoogelea mtoto hayatoki kwenye glasi yako moja kwa moja. Kuanzia katikati ya mimba, sehemu kubwa ya maji hayo ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Mtoto hukojoa, kisha huyameza maji yale yale, yakapita tumboni mwake, na mengine yakarudi kwa mama kupitia kondo la nyuma. Kukojoa kunaongeza, kumeza kunapunguza. Maji yakizidi, basi ama mtoto anakojoa kupita kiasi, ama hamezi inavyotakiwa. Wewe kukaa na kiu hakutibu lolote kati ya hayo mawili.

Mtoto hukojoa sana kwa nini? Sababu ninayoijua kwa mwili wangu ni sukari. Sukari ya mama ikipanda huvuka kondo na kumfikia mtoto, naye hukojoa sana, kama mtu mzima mwenye kisukari anavyoamka usiku kucha kwenda haja ndogo. Na kutomeza? Huenda umio wa mtoto, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, haukufunguka, au utumbo wa mwanzo umeziba, au kuna tatizo kwenye ubongo au mishipa ya fahamu. Zipo na sababu nyingine: mapacha wanaotumia kondo moja, mtoto kupungukiwa damu kwa sababu damu yake na ya mama hazipatani, au maambukizi kama kaswende. Lakini mara nyingi maji yakiwa yamezidi kidogo tu, sababu haionekani kabisa, na mtoto huzaliwa mzima. Ningeambiwa sentensi hiyo ya mwisho siku ile, nisingelia usiku mzima baada ya wifi yangu kuniambia kwamba maji mengi maana yake mtoto ana kasoro.

Daktari aliyeniokoa nilimpata kwa kwenda mwenyewe kutafuta altrasaundi. Aligawa tumbo mafungu manne, akapima kina cha maji katika kila fungu, akajumlisha. Ikatoka 28.6. Akaniambia kuanzia sentimita 24 au 25 ndipo huanza kuitwa maji mengi. 30 kwenda juu ni kiwango cha kati. 35 kwenda juu ni kikali. Wengine hupima fungu moja tu lenye kina kirefu, na hapo mpaka ni sentimita 8. Akamkagua mtoto taratibu, moyo, tumbo, uti wa mgongo, akaniuliza, "Mtoto wako wa kwanza alizaliwa na kilo ngapi?" Nikamjibu kilo 4.2. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza nimepimwa sukari lini. Sikuwahi kupimwa mimba ile yote.

Hilo linaniuma mpaka leo. Kilo 4.2 zilikuwa zimeandikwa kwenye kadi yangu, kwa kalamu, ukurasa wa kwanza. Kuzaa mtoto mkubwa ni moja ya dalili zinazotakiwa kumfanya mhudumu ashtuke na kupima sukari. Kadi ilifunguliwa mbele yangu mara tano na hakuna aliyeshtuka.

Kesho yake nilikwenda bila kula. Nikatolewa damu, nikanywa gramu 75 za glukosi, nikatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Mpaka unaotumika sana, kwa kipimo cha milimoli kwa lita (mmol/L), ni 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya saa mbili, na namba moja tu ikifika mpaka wake au kuupita inatosha kuitwa kisukari cha mimba. Yangu ya kwanza ilikuwa 5.8. Zilizobaki sikuhitaji hata kuzisikia.

Wiki zilizofuata sitazisimulia. Zilikuwa za kujichoma vidole, kupima chakula na kutembea kila baada ya kula. Wiki ya 35 maji yalisoma 25.1. Niliiangalia ile karatasi kama cheti cha shule. Nilifanya kazi ile mwenyewe, na najivunia.

Daktari alikuwa ameniambia jambo moja ambalo naamini lilituweka hai. Maji yakiwa mengi, kichwa cha mtoto huelea, hakikai vizuri kwenye nyonga. Chupa ikipasuka kwa kishindo, kamba ya kitovu inaweza kutangulia na kubanwa, na mtoto akakosa hewa. Kwa hiyo siku chupa yangu ilipopasuka, saa tisa usiku, wiki ya 37, sikusimama kufua shuka wala kuoga. Nililala ubavu, mito miwili chini ya makalio, nikabebwa hivyo hivyo hadi hospitali. Kama ningeona au kugusa kitovu ukeni, maelekezo yalikuwa: piga magoti, kifua chini, makalio juu, usikirudishe ndani, na upelekwe hospitali hapo hapo. Sikukiona. Kichwa kilishuka, na baada ya saa saba nikajifungua binti.

Kisha nikatokwa damu. Kizazi kilichovutwa kwa miezi hupoteza nguvu ya kujikaza, na damu humwagika. Nilisikia mkunga akisema "bado haujakaza", nikasikia mikono ikikanda tumbo langu kwa nguvu, nikachomwa sindano. Walikuwa wamejiandaa kwa sababu niliwaambia nilipofika mlangoni: nina maji mengi na nina sukari. Binti akapitishiwa mpira mwembamba kuhakikisha umio uko wazi, akapimwa sukari kila baada ya muda maana ilishuka siku ya kwanza, na siku ya tatu tukatoka.

Sasa nisikilize, wewe uliyeambiwa maji ni mengi. Uliza namba. Usikubali neno "mengi" peke yake, uliza ni sentimita ngapi na iandikwe. Uliza sukari yako imepimwa lini. Kama hujapimwa, omba upimwe, na ukiambiwa si lazima, omba tena. Uliza mtoto amekaguliwa tumbo na umio, na damu yako imepimwa kundi na kaswende. Kunywa maji. Vidonge vya kukojoza vilivyomsaidia jirani aliyevimba miguu havitapunguza maji ya mtoto, usivimeze. Yakifika kiwango cha kukunyima pumzi, madaktari wanaweza kuyapunguza kwa sindano ndefu wakiongozwa na altrasaundi, ingawa huweza kujaa tena na uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati. Hilo ni la hospitali kubwa na ni uamuzi wao pamoja nawe. Ukisikia tumbo linakaza na kuachia kabla ya wiki 37, ukitokwa damu, mtoto akipunguza kucheza, pumzi ikikata hata ukiwa umekaa, usingoje siku ya kliniki. Na panga kuzalia hospitali. Sio nyumbani, sio njiani. Hospitali.

Najua wengi wetu tumelelewa kutomuuliza mhudumu swali la pili. Mama yangu angeona ni utovu wa adabu. Lakini wewe ndiye unayelala umekaa, na wewe ndiye unayemsikia mtoto akigonga kwa mbali. Mwanamke mwenye mimba akiuliza hamvunjii mtu heshima, anamtetea asiyeweza kusema.

Dada yule ameniandikia tena leo asubuhi. Amekunywa maji, kichwa kimepoa, na shangazi yake amekubali kumsindikiza. Kesho anakwenda kupima sukari bila kula. Nimemwambia anitumie namba zote tatu.